Kabla ya kuwasha kompyuta, chagua aina ya mlinganyo

Mawimbi ya rada yakiigonga ndege, hutawanyika kila upande na kwenda zao. Anga inayoizunguka ndege haina ukuta wala mwisho, na hapo ndipo shida ya ukokotoaji inapoanzia. Anayeigawa nafasi yote katika vipande vidogo na kuandika mlinganyo wa diferensiali kwa kila kipande hana budi kuikata nafasi hiyo mahali fulani, kisha abuni mpaka wa bandia ambao hautayarudisha mawimbi ndani. Kuutengeneza vizuri mpaka huo ni kazi nzito. Mimi hushughulika na mawimbi yanayotawanyika, ya sauti na ya sumaku-umeme, na njia ninayoitegemea ni nyingine: kuuhamishia ukokotoaji wote kwenye uso wa kitu chenyewe, kwa milinganyo ya integrali.

Msingi wake uliwekwa mwaka 1828 na George Green wa Uingereza. Ukijua uga, yaani athari inayosambaa angani, wa chanzo kimoja kilicho nukta tu, unaweza kuupata uga wa tatizo zima kwa kujumlisha vyanzo vya namna hiyo vilivyotandazwa juu ya uso. Kwa chaji ya umeme iliyotulia, uga wa chanzo hicho ni 1/(4πr), r ikiwa ni umbali kutoka kwenye chanzo. Kwa sauti ya masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yasiyobadilika ni e^(ikr)/(4πr), ambapo k ni 2π ukigawa kwa urefu wa wimbi. Uzuri wa vyanzo hivi ni kwamba kila kimoja tayari kinatii sheria ya fizikia nje ya kitu, na tayari kinajua namna ya kutoweka kwa mbali. Kinachobaki ni kutafuta nguvu ya chanzo katika kila sehemu ya uso ili sharti la mpakani, yaani kile ambacho uga unalazimika kuwa usoni, litimie. Nguvu hiyo, tuiite φ, imekaa ndani ya alama ya integrali, na ndiyo tunayoitafuta.

Faida yake inaonekana mara moja kwa hesabu ndogo. Mchemraba wenye nukta 100 kwa kila ukingo una nukta 1,000,000 kwa jumla, lakini zilizo usoni hazifiki 60,000. Na hapo hatujazihesabu nukta za nje, ambazo kwa njia ya kuigawa nafasi zingehitajika na kwa njia hii hazihitajiki kabisa.

Wengi wakishalielewa hilo hukimbilia kuandika programu. Mimi ningewaomba wasubiri kidogo, kwa sababu tatizo moja linaweza kuandikwa kwa milinganyo kadhaa tofauti, yote sahihi kwenye karatasi, lakini kwenye kompyuta mmoja ukakupa tarakimu 12 sahihi na mwingine ukakupa takataka. Kuna aina mbili za kuzijua. Aina ya kwanza ni

∫ K(x,y) φ(y) dy = f(x)

na aina ya pili ni

φ(x) + ∫ K(x,y) φ(y) dy = f(x).

K ni kiini cha mlinganyo, yaani athari ya chanzo kilicho y juu ya nukta x, na f ni kile tunachokijua. Kwa macho, tofauti ni ile φ moja iliyosimama peke yake nje ya integrali. Naamini hakuna alama yenye uzito kuliko hiyo katika fani hii yote.

Angalia integrali inavyofanya kazi. Kujumlisha ni kulainisha: ukiipa φ yenye mawimbi ya haraka sana, sehemu chanya na hasi hufutana, na matokeo hukaribia sifuri. Basi katika mlinganyo wa aina ya kwanza, φ mbili zinazotofautiana vibaya sana zinaweza kuzalisha f zinazokaribia kufanana. Geuza sasa: umepewa f iliyopimwa kwa chombo, yenye kelele ndogo isiyoepukika, na unatakiwa uipate φ. Kelele hiyo ndogo hurudi ikiwa imekuzwa mara maelfu. Kununua kompyuta bora hakutibu jambo hili. Kuongeza nukta ndiyo kabisa, kwani kila nukta mpya hufungua mlango kwa mawimbi ya haraka zaidi.

Matatizo ya namna hii hayakwepeki, maana sayansi ya vipimo imejaa hayo. Niels Henrik Abel alikutana nalo mwaka 1823: ukijua muda ambao kitu hutumia kuteremka kutoka kila kimo, je, mteremko una umbo gani? Mlinganyo wake bado unatumika kwa wanaochunguza miali ya moto na plazma. Kamera huona jumla ya mwanga katika mstari mzima unaopita ndani ya mwali, ilhali mtafiti anataka mwanga wa kila sehemu kutoka katikati hadi ukingoni. Johann Radon aliandika hesabu ya kulijenga umbo kutokana na jumla za mistari mwaka 1917, na mashine za CT hospitalini zinasimama juu ya wazo hilohilo; Allan Cormack na Godfrey Hounsfield walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kazi hiyo mwaka 1979. Kinachoyafanya matatizo haya yatatulike ni kuongeza sharti: kati ya majibu yote yanayolingana na vipimo ndani ya kiwango cha kelele, chagua lile lisiloruka-ruka ovyo. Andrey Tikhonov aliliweka sharti hilo katika mfumo madhubuti mwaka 1963. Lakini hapo unafanya biashara. Unatoa ukali wa picha, unapata uthabiti, na lazima umwambie msomaji wa matokeo yako kwamba umefanya hivyo.

Aina ya pili ni ulimwengu mwingine. Ivar Fredholm, Mswidi, alichapisha matokeo yake kwa ufupi mwaka 1900 na kwa ukamilifu mwaka 1903. Alithibitisha kwamba mlinganyo huu unafanana kitabia na mfumo wa kawaida wa milinganyo ya mstari: ama una jibu moja tu kwa kila f, ama mlinganyo wenye sifuri upande wa kulia una jibu lisilo sifuri. Hakuna hali ya tatu. Ile φ iliyo nje ya integrali ndiyo inayotulinda: hata integrali ikiyafuta mawimbi ya haraka, nakala yake nzima imebaki pale nje. Ukigeuza mlinganyo kuwa matriki, yaani jedwali la namba, matriki hiyo haizidi kuwa dhaifu unapoongeza nukta. Mbinu za kukisia na kurekebisha hatua kwa hatua, kama GMRES ya Yousef Saad na Martin Schultz ya mwaka 1986, hufika kwenye jibu kwa hatua zilezile kwa nukta 1,000 au 1,000,000.

Mfano mzuri kuliko yote ni duara. Chukua joto lililotulia ndani ya duara la nusukipenyo R, ukiwa umepewa halijoto ya ukingoni. Ukitandaza ukingoni vyanzo vya kawaida, unapata mlinganyo wa aina ya kwanza wenye kiini cha logi. Integrali hiyo hulizidisha wimbi la mizunguko n kwa R/(2n). Wimbi la mizunguko 1,000 linazidishwa kwa namba iliyo ndogo mara 1,000 kuliko ya wimbi la mzunguko mmoja, kwa hiyo udhaifu wa matriki unakua sambamba na idadi ya nukta. Hilo ni la kuvumilika, na ndiyo maana wahandisi wa antena na wa vihifadhi chaji wameishi na milinganyo hii kwa miongo mingi. Kiini kinacholipuka pale x inapokutana na y hulainisha kidogo tu. Ila kuna mtego. Chanzo kilichosambaa sawasawa huzidishwa kwa −R·log R, na R ikiwa 1, hiyo ni sifuri. Maana yake, duara la nusukipenyo cha mita 1 halina jibu la pekee, wakati duara hilohilo likiandikwa kuwa la sentimita 100 halina shida yoyote. Kipimo ulichokichagua kimeingia ndani ya hesabu. Ukikutana na kitu kama hicho ndani ya programu ya kurasa nyingi bila kujua chanzo chake, unaweza kuupoteza mwezi.

Sasa badala ya vyanzo vya kawaida, tandaza jozi za vyanzo chanya na hasi zilizobanana, zikielekea nje ya ukingo. Mlinganyo unakuwa wa aina ya pili, na juu ya duara kiini chake ni namba isiyobadilika: −1/(4πR). Matriki yote inakuwa nusu ya matriki ya utambulisho, kwa alama hasi, pamoja na kipande kimoja chepesi, na GMRES inamaliza kwa hatua mbili. Kwa duaradufu kiini si namba moja tena, lakini ni laini kabisa. Evert Nyström alionyesha mwaka 1930 kwamba inatosha kuibadilisha integrali kwa jumla ya thamani za nukta chache, na juu ya ukingo uliofungwa na ulio laini hata kanuni sahili ya nukta zenye nafasi sawa inafanya maajabu: ukizidisha nukta mara mbili, idadi ya tarakimu sahihi nayo huongezeka karibu mara mbili. Kila ninapoiona safu hiyo ya matokeo hufurahi upya. Umbo lenye pembe kali huuharibu uzuri huu, na huko kazi ni kuzikusanya nukta karibu na pembe.

Gharama ipo. Kila nukta ya uso inazungumza na nyingine zote, hivyo matriki imejaa, haina sifuri za kuruka. Nukta 100,000 zina jozi 10,000,000,000, na kwa namba changamani za baiti 16 hizo ni gigabaiti 160 za kuhifadhi tu, kabla ya kutatua chochote. Kwa muda mrefu hiki ndicho kilichowafanya wengi waikimbie njia hii. Mwaka 1987 Leslie Greengard na Vladimir Rokhlin waliutoa mzigo huo. Walitambua kwamba kundi la vyanzo lililo mbali halihitaji kusikilizwa chanzo kimoja kimoja, kama vile anayesikia kelele za uwanja wa mpira akiwa mbali asivyoitenga sauti ya kila shabiki. Uga wa kundi zima unafupishwa kwa namba chache, makundi madogo yanaunganishwa kuwa makubwa, na jozi zilizo karibu tu ndizo zinazokokotolewa moja kwa moja. Kazi inayokua kwa mraba wa idadi ya nukta inageuka kuwa inayokua karibu sawa na idadi yenyewe. Matriki haiandikwi popote. Ukiiunganisha na aina ya pili, ambayo hatua zake haziongezeki, una zana ya kutatua matatizo yenye mamilioni ya yasiyojulikana.

Kwenye mawimbi kuna jambo jingine ambalo humtesa kila anayeanza. Tatizo la nje lina jibu moja daima, lakini mlinganyo wa mpakani unaweza kulipoteza jibu hilo kwenye masafa fulani, kwa sababu uso hauna habari kama unawakilisha nje au ndani. Chukua tufe gumu la nusukipenyo cha mita 1 hewani, sauti ikienda mita 340 kwa sekunde. Nafasi ya ndani ya tufe, ambayo haina uhusiano wowote na swali letu, ina mwangwi wake wa kwanza (masafa ambayo hewa ya ndani hutetemeka yenyewe, shinikizo usoni likiwa sifuri) pale k mara nusukipenyo inapokuwa π, yaani hertsi 170. Kwenye masafa hayo mlinganyo wa kawaida unakufa. Kibaya zaidi, kompyuta haitoi onyo, maana matriki yenye makosa ya kukadiria haifi kabisa. Inatoa grafu yenye kilele kinachovutia kama mwangwi wa kweli. Na masafa yakipanda, vilele hivi vya uongo hubanana. Tiba iliyozoeleka katika akustiki ni ya Burton na Miller ya mwaka 1971: changanya mlinganyo wa kawaida na ule wa mabadiliko yake kuelekea nje ya uso, kwa kizidishio chenye sehemu ya kufikirika. Mlinganyo mmoja unapokufa mwingine uko hai, na mchanganyiko hautetereki kwenye masafa yoyote. Sikubali matokeo ya utawanyiko wa masafa ya juu kama mwandishi wake hakusema amelishughulikia vipi jambo hili.

Kuna familia nyingine ambayo integrali yake hufuata wakati badala ya uso, na kikomo chake cha juu ni sasa hivi. Vito Volterra aliichambua kuanzia mwaka 1896. Plastiki inayozidi kulegea chini ya mzigo huikumbuka historia yake yote, na kumbukumbu hiyo ndiyo kiini. Modeli ya magonjwa ya kuambukiza ya Kermack na McKendrick ya mwaka 1927 nayo, katika umbo lake la jumla, ni ya namna hii: kasi ya maambukizi ya leo inategemea walioambukizwa siku zote zilizopita, kila mmoja kwa uwezo wake wa kuambukiza kulingana na muda aliougua. Milinganyo hii ya aina ya pili hutatuliwa kwa kusonga mbele hatua kwa hatua.

Pale ambapo sheria inabadilika kutoka sehemu hadi sehemu, kama katika tishu za mwili au miamba iliyochanganyika, au pale ambapo nyenzo haitii uwiano wa mstari, chanzo cha nukta hakina fomyula rahisi na faida ya kubaki usoni inapotea. Huko elementi finiti, ile njia ya kuigawa nafasi katika vipande vidogo, zinashinda, na mimi huzitumia kwa sehemu hiyo ya ndani bila kusita, nikiacha integrali zishike nje iliyo wazi.

Ukiandika programu yako, ijaribu hivi kabla ya jambo lolote. Weka chanzo kimoja cha nukta ndani ya kitu. Uga wake nje unaujua kwa fomyula. Ukokotoe thamani zake usoni, zipe programu kama sharti la mpakani, kisha linganisha uga wa nje inaokupa na ule wa fomyula, kwenye nukta za mbali na pia kwenye nukta zilizo karibu mno na uso, ambako kiini kinakaribia kulipuka na kanuni za kawaida za kujumlisha hushindwa. Zidisha nukta za uso mara mbili, tena mara mbili, uone kosa linashukaje. Kisha rudia kwa masafa yanayopita juu ya mwangwi wa ndani, kwa hatua ndogondogo, maana vilele vya uongo ni vyembamba na hatua pana huviruka.