Majivu kwenye Biblia: sio toba peke yake

Kila Kwaresima ikikaribia naulizwa swali lilelile, mwalimu, Jumatano ya Majivu iko aya gani? Haiko. Ni desturi ya kanisa, na majivu yenyewe kwa kawaida yanatokana na matawi ya mitende ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita. Na lile neno la "u mavumbi wewe, na mavumbini utarudi" linatoka Mwanzo 3:19, pale Adamu anaambiwa habari ya mavumbi, majivu hayajatajwa kabisa. Kwa hiyo tunapakwa majivu huku tukisomewa mavumbi, na watu hawashtuki kwa sababu Biblia yenyewe inapenda kuviweka pamoja.

Kwenye Kiebrania mavumbi ni afar na majivu ni efer. Sikiliza yanavyofanana. Ibrahimu ndiye wa kwanza kuyaunganisha, Mwanzo 18:27, anapojiita mavumbi na majivu mbele za Mungu, na angalia anasema hivyo wakati gani, ni pale anapoiombea Sodoma, anashusha hesabu ya wenye haki kutoka 50 mpaka 10. Asubuhi anaamka anaona moshi unapanda kama wa tanuru. Baadaye 2 Petro 2:6 inasema miji ya Sodoma na Gomora ilifanywa majivu. Yaani aliyejiita majivu alibaki mzima na mji ukawa majivu kweli. Mimi sioni kama ni bahati tu.

Sasa hii ya toba. Ipo, siikatai, mfalme wa Ninawi anaketi majivuni, Danieli anafunga na magunia na majivu, Yesu mwenyewe anasema Tiro na Sidoni wangetubu zamani kwa magunia na majivu. Ila mtu akiniambia majivu ni toba na basi, namuuliza habari za Tamari. 2 Samweli 13:19, binti amebakwa na ndugu yake, anajitia majivu kichwani, anararua vazi lake, anaenda zake akilia. Huyo anatubu nini? Hana kosa. Mordekai naye kwenye Esta 4 hajakosa kitu, ametangaziwa kifo yeye na watu wake. Ayubu anakaa majivuni tangu sura ya 2, anajikuna kwa kigae, wakati kitabu kimeshatuambia ni mtu mkamilifu. Kwa hiyo efer kwanza kabisa ni msiba, ni mtu anayesema maisha yangu yameungua hiki ndicho kilichobaki, na toba inaingia humo kwa sababu anayetubu kwa kweli naye anaomboleza. Ukianza na toba utawageuza waliodhulumiwa kuwa wenye dhambi, na nimeshasikia mahubiri ya namna hiyo, yanaumiza watu.

Ndiyo maana pia Isaya 58:5 anawakemea wanaotandika magunia na majivu chini yao siku ya kufunga huku wanawaonea wafanyakazi wao. Na kwenye 61:3 anaahidi waombolezaji wa Sayuni taji badala ya majivu, hapo kuna mchezo wa herufi mtamu sana, taji ni pe'er na majivu ni efer, konsonanti ni zilezile tatu zimebadilishwa nafasi tu.

Lakini ninachotaka hasa mkione ni kwamba kuna majivu mengine, na haya hayahubiriwi. Majivu ya madhabahu hayaitwi efer, yanaitwa deshen, na deshen maana yake nyingine ni unono, mafuta. Ni neno hilohilo Zaburi 63:5 mtu anaposema nafsi yake inashiba vinono. Kwa nini? Kwa sababu mafuta ya sadaka yanayeyuka na kuungua juu ya kuni, majivu yanayobaki yamelowa mafuta. Sasa soma Walawi 6:10-11 polepole, kuhani anavaa vazi la kitani ndipo anayaondoa majivu na kuyaweka kando ya madhabahu, halafu anabadilisha mavazi, ndipo anayapeleka nje ya kambi, mahali safi. Nguo rasmi kwa ajili ya kuzoa majivu! Hayatupwi ovyo, maana ni ushahidi kwamba kilichotolewa kimeungua chote, hakuna kilichorudi. Na Zaburi 20:3, pale tunaposoma Mungu azikubali sadaka zako za kuteketezwa, kitenzi cha Kiebrania kinatokana na deshen, na kitenzi hicho ndicho kinachotumika Kutoka 27:3 na Hesabu 4:13 kwa kuondoa majivu madhabahuni. Wapo wanaoielewa aya hiyo kama "aione ni nono", wengine "aigeuze majivu", na mimi sioni haja ya kuchagua.

Kwa ufupi tu yale ya Kutoka 9, Musa anarusha juu majivu ya tanuru na Wamisri wanapata majipu. Hayo ni neno la tatu tena, piakh, masizi ya tanuru, na Kumbukumbu la Torati 4:20 inaiita Misri tanuru ya chuma, unaweza kuunganisha mwenyewe.

Bado yule ng'ombe mwekundu wa Hesabu 19, anayewasumbua hata wanafunzi wangu wazuri. Anachinjwa nje ya kambi, anachomwa mwili wote pamoja na mwerezi, hisopo na sufu nyekundu, majivu yanatiwa kwenye maji ya kumtakasa aliyegusa maiti, ananyunyiziwa siku ya 3 na ya 7. Na anayeyazoa majivu hayo, mtu safi kabisa, anakuwa najisi mpaka jioni. Pale aya ya 9 haisemi deshen, inasema efer, majivu ya msiba, kwa sababu ng'ombe huyu hajaungulia madhabahuni. Waebrania 9:13 inamtaja kwa jina kabisa, halafu sura ya 13 inasema Yesu naye aliteswa nje ya lango.