Pipi hali, sawa. Ubuyu je?

"Daktari, huyu pipi hazijui hata zinafananaje." Kauli hii nimeisikia tena wiki hii. Mama anaapa, na mwanawe wa darasa la pili amefungua mdomo, magego mawili ya chini yametoboka. Tena si ya utoto yale. Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akifika miaka sita hivi, nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka kulipisha, kwa hiyo nyumbani halitambuliki mpaka lianze kuuma.

Sibishi kwamba pipi hapewi. Nabisha ile imani iliyojificha ndani ya kiapo: eti sukari ina sura moja tu, ile ya kufungwa kwenye karatasi inayong'aa, na ukiipiga marufuku nyumbani basi meno yamesalimika.

Ya msingi tuyapite haraka. Bakteria wa kwenye utando wa meno wanakula sukari, wanatoa asidi. pH, yaani kipimo cha uchachu (ikishuka, uchachu umezidi), ikiwa chini ya 5.5 hivi, enameli, lile gamba gumu la nje la jino, inaanza kupoteza madini. Mate yanakuja kuizimua asidi na kuyarudisha madini, ila yanataka muda: nusu saa, pengine saa nzima.

Huo muda ndio watu hawausikii. Kwa jino, vijiko vingapi si swali zito kama mara ngapi. Mtoto aliyekunywa chai ya sukari na chapati asubuhi, akamaliza akanyanyuka, meno yake yameshambuliwa mara moja. Mwenzake ametoboa juisi ya paketi saa mbili, akafyonza kidogo, akaificha chini ya dawati, mwalimu akigeukia ubaoni akafyonza tena, hivyo hivyo mpaka kengele ya mapumziko. Sukari huenda ni ileile. Lakini huyu wa pili mate yake hayakupewa nafasi hata kidogo.

Sasa ubuyu. Ule mwekundu wa vifuko unaouzwa getini. Naambiwa ni tunda, una vitamini C. Ni kweli, unga wa ubuyu unayo. Lakini ule umepikwa kwa sukari na rangi, na ni mchachu wenyewe hata kabla bakteria hawajaugusa. Halafu tazama unavyoliwa. Mtoto anatia mbegu mdomoni, anaisukumia shavuni, anaimung'unya mpaka utamu wote uishe, anaitemea kiganjani, anachukua nyingine. Kifuko kimoja kinamaliza kipindi kizima cha hisabati! Ukinilazimisha kuchagua, na najua nitagombana na watu, nitampa pipi moja baada ya wali wa mchana kuliko kifuko cha ubuyu cha kushinda nacho.

Hili sikulitunga. Miaka ya 1940 huko Sweden, kwenye taasisi ya Vipeholm mjini Lund, watafiti waliwalisha sukari watu wenye ulemavu wa akili waliokuwa wakitunzwa pale. Sukari ya pamoja na mlo iliongeza kuoza kidogo tu. Tofi za kunata zilizoliwa kati ya mlo na mlo ziliwaharibu meno vibaya sana. Utafiti ule ni aibu, leo hakuna kamati ya maadili ingeupitisha, na bado ndio tunaoutegemea darasani. Sijawahi kuwa na raha nao.

Krispi na biskuti mnazihesabu kuwa si tamu. Wanga uliopikwa unaganda kwenye mifereji ya magego, na mate yenyewe yana kimeng'enya kinachougeuza kuwa sukari. Mchungulie mtoto mdomoni dakika kumi baada ya krispi, utauona umekaa. (Wa Arusha na Moshi, meno ya kahawia ni habari nyingine. Mara nyingi hiyo si kuoza, ni floraidi nyingi ya maji, madini ambayo yakiwa ya kiasi huimarisha jino.)

Kuna kinachonisumbua. Watoto wawili wa tumbo moja, sahani moja: mmoja hana hata doa, mwingine kila gego lina tundu. Nitakutajia mate, kina cha mifereji, bakteria, mswaki. Lakini kwa mtoto huyu niliye naye kwenye kiti, ni lipi hasa? Mara nyingi nabahatisha. Na ushauri wa chakula, tusidanganyane: mtoto akiwa getini na shilingi 200 mkononi, maneno yangu yanashindwa na kifuko chekundu.

Kwa hiyo kama utafuata moja tu, shika la usiku. Mate hupungua mtoto akilala, basi baada ya mswaki ni maji tu. Maziwa nayo yana sukari yake, hata ya ng'ombe wenu wenyewe. Dawa ya meno iwe na floraidi, na akimaliza ateme povu. Asisukutue kwa kikombe kizima cha maji, floraidi yote inaishia kwenye sinki.