Kupiga Besiboli: Mengi Tunayoambiana Mazoezini Mtwara Si Kweli

"Piga mipira mingi, utajua tu." Kauli hii husikika jioni vijana wetu wa hapa Mtwara wanapopokezana gongo, na naona ndiyo inayowapotezea muda kuliko nyingine zote. Mwenzao anarusha taratibu, katikati, mwendo uleule. Mpigaji anatandika mmoja baada ya mwingine, anatoka na jasho lake akiamini amepanda daraja. Siku ya mechi mrushaji anachanganya mipira, gongo linakata hewa.

Jambo hili lilipimwa Marekani, na matokeo yakatolewa mwaka 1994. Wachezaji wa timu ya chuo waliongezewa mazoezi mara mbili kwa wiki, kwa wiki 6, mipira 45 kila mara. Kundi moja lilirushiwa 15 ya kasi, kisha 15 ya kupinda, kisha 15 ya mwendo mdogo. Kundi la pili lilirushiwa aina zilezile kwa idadi ileile, ila zimechanganywa, hakuna ajuaye unaofuata. Kundi la kwanza liliongeza mipigo mizuri kwa asilimia 25, la pili kwa asilimia 57. Hawa wa pili walilazimika kusoma kila mpira. Kwa hiyo mwambie anayekurushia asikuonee huruma. Utakosa mingi mazoezini, na wala usivunjike moyo.

Nyingine ni hii: "Utazame mpira mpaka uguse gongo." Kwa anayeanza, inamsaidia kutuliza kichwa, sipingi. Lakini jicho la binadamu haliwezi. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kituo cha nyumbani, yaani kibao cha chini kilicho mbele ya mpigaji, na mpira wa kilomita 145 kwa saa hufika kwa takriban sekunde 0.4. Mwaka 1984 watafiti Bahill na LaRitz walichapisha vipimo vya macho ya mchezaji wa kulipwa: aliufuata mpira hadi ukabakiza kama mita 1.7, kisha ukamshinda kasi. Uamuzi wa kupiga au kuacha unafanyika mapema, mpira ukiwa bado uko mbali.

Hapo waliokulia kwenye rede wana mtaji mkubwa. Aliye katikati hasubiri mpira umfikie ndipo akwepe. Anasoma bega na kiwiko cha anayerusha. Basi simama kwenye nafasi yako, kofia ngumu kichwani, usipige. Mwenzako arushe, nawe utaje kwa sauti "kasi" au "unapinda" kabla mpira haujafika nusu ya njia. Zoezi hili haliichoshi mikono, nami nalipenda kuliko yote.

Wapo wanaozungusha gongo zito kabla ya zamu ili la kawaida liwe jepesi. Litaonekana jepesi, ndiyo. Ila majaribio kadhaa yaliyopima kasi yameonyesha kwamba punde baada ya gongo zito, lile la mechi huzunguka polepole zaidi, ingawa mpigaji anahisi kinyume. Pasha mwili kwa gongo utakalotumia.

Kupiga mpira uliotegwa juu ya kisimamio si mchezo wa watoto tu. Wachezaji wa ligi kuu ya Marekani wanafanya hivyo hadi leo. Chomeka bomba la plastiki kwenye ndoo ya mchanga, juu yake kipande cha mpira wa bomba la maji. Mpira wa upande wako utege mbele zaidi, wa upande wa nje utege nyuma kidogo. Kwa kuuzuia, waombeni wavuvi wa Mikindani wavu chakavu wenye macho madogo kuliko mpira, ambao upana wake ni sentimita 7 na kidogo. Uning'inie ukiwa umelegea. Ukikazwa, mpira utakurudia usoni.

Na anayesema bila vifaa hakuna mazoezi, amtazame mtoto wa Jamhuri ya Dominika, nchi inayopeleka wachezaji wengi kwenye ligi kuu ya Marekani kuliko nyingine yoyote ya nje. Kule wanapiga vizibo vya madumu ya maji kwa mpini wa ufagio. Kizibo hupinda na kuzama ghafla, na kusi likivuma hapa kwetu kitazidi. Anayerusha asimame hatua kumi hivi, chorea kituo cha nyumbani chenye upana wa sentimita 43 mchangani, na kizibo kinachopita nje ya mstari mpigaji akiache kipite.