Kufuta majina siyo kuficha watu

Wiki iliyopita nimeletewa tena faili la namna ileile. Excel yenye mistari elfu mbili na ushee, na juu yake email fupi: tumeshatoa majina, naomba uiweke kwenye ripozitori (hifadhi ya data ya mtandaoni) leo maana jarida wanasubiri. Nasimamia data za tafiti za afya miaka mingi sasa, tafiti za pamoja, wabia wako Tanzania, Kenya, Uingereza, wengine Uswisi, na hiyo sentensi ya "tumeshatoa majina" nimeisikia kwa wanafunzi, kwa madaktari, kwa maprofesa wenye mvi. Leo naijibu kwa kirefu, siku nyingine nikiambiwa hivyo nitume linki tu.

Nikafungua faili. Ni kweli jina halimo, namba ya simu haimo. Vilivyomo ni kijiji, kitongoji, jinsi, tarehe ya kuzaliwa, kazi, idadi ya watu kwenye kaya, tarehe ya kuchukuliwa damu, GPS ya nyumba yenye desimali sita, alafu majibu ya maabara. Desimali sita jamani! Desimali ya sita ya latitudo ni kama sentimita 11 ardhini. Najua GPS ya kushika mkononi haina usahihi huo, inakosea mita kadhaa, lakini kijijini ukikosea mita kadhaa bado uko kwenye uwanja wa nyumba ileile. Mtu ameniletea ramani ya kufika mlangoni kwa mgonjwa alafu ananiambia amemficha.

Naomba niwasimulie kitu ambacho mpaka leo kinanikaa kooni. Utafiti mwingine kabisa, zamani kidogo, nilikuwa nasafisha data jioni na mhoji wetu mmoja, kijana wa tarafa ileile tuliyokuwa tunafanyia kazi, amekaa pembeni yangu anasubiri fomu yake ya posho isainiwe. Kwenye skrini kulikuwa na mstari mmoja (nimebadilisha vitu humu ili nisirudie kosa lilelile ninaloliandikia): mwanamke, miaka 43, mwalimu, amewahi kujifungua mapacha watatu, VVU chanya. Jina hakuna, kijiji kimeandikwa 07. Kijana akausoma ule mstari, akasema "huyu si ticha...", akanyamaza. Jina hakulimalizia. Akainuka akatoka nje, na aliporudi hakunitazama usoni, akasema tu, "Dada, huyo amenifundisha darasa la tatu."

Hakudukua kitu yule kijana. Hakuwa na programu, hakuwa na nia mbaya, alikuwa amekaa tu. Na hapo ndo watu wengi wanapokosea, wakisikia usalama wa data wanawaza mdukuzi kajifungia chumbani huko Ulaya anahangaika na kompyuta. Anayeweza kumtambua mshiriki wako ni jirani yake. Ni shemeji yake. Ni mwanafunzi aliyetoka kijiji hicho, yuko chuo mwaka wa pili, anatafuta data ya kufanyia zoezi na amekutana na ya kwao.

Kwenye fani hii kuna kisa kila mtu anakijua. Miaka ya 90 jimbo la Massachusetts kule Marekani lilitoa rekodi za hospitali za wafanyakazi wa serikali, majina yakiwa yameondolewa, na gavana William Weld akawahakikishia watu kwamba wako salama. Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi, akanunua daftari la wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20, akalinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsi na namba ya posta, akampata gavana mwenyewe humo ndani na matibabu yake yote. Baadaye, mwaka 2000, akakadiria kwamba hivyo vitu vitatu tu vinatosha kumtofautisha mtu mmoja na wengine wote kwa asilimia 87 ya Wamarekani. Wapo waliokuja kubisha wakasema ilikuwa rahisi kwa sababu gavana ni mtu maarufu, alianguka hadharani akapelekwa hospitali, habari zikaandikwa. Hoja yao ina uzito, siikatai. Ila mje kijijini mniambie nani siyo maarufu. Mtoto akiugua usiku, asubuhi kitongoji kizima kinajua amepelekwa zahanati gani na pikipiki ya nani. Kijijini kila mtu anajulikana kama gavana.

Kwa hiyo swali la kuliuliza faili siyo "jina limo?". Uliza hivi: nikichukua umri, kazi, kijiji na tarehe kwa pamoja, wanabaki watu wangapi wanaofanana? Akibaki mmoja, umemtaja.

Sasa njoo kwenye tafiti za pamoja, maana mpaka hapa nimeongea kama vile faili ni moja na mwenyewe ni mmoja. Mwanafunzi wa Dar anachapisha makala ya upungufu wa damu, anaambatanisha namba ya mshiriki, umri, tarehe, hemoglobini. Kijiji hamna, safi. Mwaka unaofuata mbia wa Uingereza anachapisha ya mbu na makazi, anaambatanisha namba ya mshiriki, GPS, aina ya paa, kama chandarua kipo au hakipo. Umri hamna, ugonjwa hamna, safi pia. Kila faili limeangaliwa na watu wake na limepita. Lakini mshiriki namba KJ-0412 wa kule ndiye KJ-0412 wa huku! Mtu anashusha mafaili yote mawili, anayaunganisha kwa mstari mmoja wa programu ya takwimu ya R, na anapata faili la tatu ambalo hakuna kamati yoyote duniani iliyowahi kulipitisha. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na wote wawili walikuwa watu waangalifu, kila mmoja alifanya sehemu yake vizuri, ila hakuna aliyepewa kazi ya kuangalia yote mawili.

Dawa yake haina gharama. Kila toleo la data linalotoka nje lipewe namba zake mpya za washiriki, zisizohusiana na zile za ndani, ufunguo wa kuoanisha namba hizo ubaki sehemu moja kwa mtu mmoja anayejulikana. Changanya na mpangilio wa mistari, maana nimewahi kupokea faili lenye namba mpya kabisa lakini mistari imekaa kwa mfuatano uleule wa siku ya kusajiliwa, sasa hapo umebadilisha nini? Alafu wekeni daftari la matoleo: koloni zipi za faili zimetoka, lini, wapi, nani aliruhusu. Daftari tu, hata Excel. Mikataba mingi ya ubia niliyopitia ina kurasa tatu za nani atakuwa mwandishi wa kwanza na nani wa mwisho, kuhusu matoleo ina aya moja inayosema wabia watazingatia faragha. Nani atazingatia? Lini? Kwenye faili gani? Hivyo ndo viandikwe siku ya kusaini, maana jarida likishaanza kusukuma hakuna anayekumbuka.

Na tukiwa kwenye mikataba, kuna wanaodhani FAIR, zile kanuni za kutunza data za tafiti, maana yake ni data kuwa wazi kwa kila mtu. Hapana. Kanuni za FAIR za 2016 zinataka data ipatikane, ifikike, isomane na nyingine na iweze kutumika tena, na kufikika maana yake njia ya kuifikia iandikwe ijulikane, hata kama njia yenyewe inapita kwenye kuomba kibali. Data iliyofungwa kwenye kabati ambalo kila mtu anajua liko wapi na ufunguo unaombwaje inaweza kuwa FAIR, na data iliyomwagwa mtandaoni bila maelezo ya koloni isiwe FAIR hata kidogo. Mwingine ananiletea makubaliano ya Bermuda, kwamba 1996 wanasayansi wa jenomu (DNA yote ya kiumbe) walikubaliana kutoa data ndani ya saa 24 sembuse sisi. Ndugu yangu, ile ilikuwa mifuatano ya DNA ya kutengeneza jenomu moja ya rejea, kutoka kwa watu wachache waliojitolea. Haikuwa data ya watoto wa kaya zote za vijiji kumi na mbili pamoja na ramani ya kwao. Na hata wenyewe 2003 walirudi mezani Fort Lauderdale wakakubaliana kwamba data itoke mapema sawa, ila watumiaji wawaheshimu waliozalisha, wawaachie nafasi ya kuchapisha uchambuzi wao wa kwanza. Hiyo ya pili hakuna anayeninukulia.

Majarida nayo yanasingiziwa sana. Kundi la wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, linataka makala za majaribio ya tiba ziwe na taarifa inayoeleza kama data itatolewa, ipi, lini na kwa utaratibu gani, tangu Julai 2018. Linataka useme. Halijakulazimisha umwage. Majarida ya PLOS yana sera kali ya data tangu 2014, na hao pia wanakubali kizuizi cha kimaadili, wanachokataa ni ile "mwombe mwandishi" basi, maana mwandishi anahama, anastaafu, anafariki. Weka kamati, weka anwani ya ofisi. Limeisha.

Sheria nitapita haraka. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, Tanzania ina ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na wabia wa Ulaya wana sheria yao ya data, GDPR, tangu Mei 2018, ambayo inasema wazi kwamba ukiweka namba badala ya jina huku ufunguo bado upo, hiyo ni data binafsi bado. Na faili la kutoka Tanzania kwenda kwa mbia wa nje lina mkataba wake wa kuhamisha data unaopitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kulituma kwa mtandao wa WeTransfer usiku siyo mkataba.

Juu ya hayo yote ipo fomu ya ridhaa. Ifungueni kabla ya kufungua Excel! Kama fomu aliyowekea dole gumba yule mama inasema taarifa zako zitatumiwa na watafiti wa mradi huu tu, basi imekwisha, hakuna profesa wala mfadhili wa kuifuta hiyo sentensi kwa niaba yake. Watu wa kabila la Havasupai kule Arizona walitoa damu kwa ajili ya utafiti wa kisukari, baadaye wakagundua damu hiyo imetumika kuchunguza ugonjwa wa akili wa skizofrenia, ndoa za ndugu na asili yao wametokea wapi, vitu ambavyo hawakuvikubali. Chuo kikuu kilichohusika kikaja kulipa dola 700,000 mwaka 2010 na kurudisha sampuli. Walioumia pale hata wasingetajwa mmoja mmoja wangeumia vilevile, kwa sababu aliyetajwa ni kabila zima. Kwetu ni hivyohivyo, ukichapisha kwamba kijiji fulani kinaongoza kwa kaswende, hujamtaja mtu lakini mabinti wa kijiji hicho wataolewa na maneno hayo.

Sasa niseme na yale ambayo miongozo huwa haiyasemi. Tunatumia kanuni kwamba kusiwe na kundi lenye watu chini ya watano wanaofanana. Kwanini watano? Wengine wanatumia watatu, wengine kumi, wengine kumi na moja. Sijawahi kupewa sababu ya kisayansi ikaniridhisha, ni namba tuliyoizoea. Na GPS je? Zile tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu, DHS, hazitoi hata nyumba, zinatoa nukta moja ya kundi zima la kaya, alafu nukta inasogezwa kwa bahati nasibu hadi kilomita 2 mjini na hadi 5 vijijini, na chache za vijijini hadi 10. Kwa takwimu za mkoa inafaa kabisa. Ila mtafiti wa mbu umemwua, ukisogeza nyumba kilomita 5 umeihamisha kutoka pembeni ya bwawa ukaipeleka mlimani, na swali lake lote lilikuwa bwawa. Hapo sina jibu zuri, nina mabishano tu.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni hiki. Ninapotetea data itolewe kwa kuombwa, najua mlango huo una mlinzi, na mlinzi anaweza kuwa na upendeleo. Mbia mwenye hela ana nakala yake tayari tangu siku ya kwanza, huku mwanafunzi wa Mwanza amejaza fomu, anasubiri huu mwezi wa tano sasa na kamati haijakaa. Faragha ikigeuka kisingizio cha kukalia data, mimi niliyeipigania nimehusika. Kwenye mradi tulio nao sasa nimeomba kamati ijibu ndani ya siku 30, na kila ombi lililokataliwa liandikwe pamoja na sababu yake, wabia wote walione. Wamekubali siku 45.

Lile faili la wiki iliyopita sijaliweka. Tarehe ya kuzaliwa tumeifanya umri wa miaka mitano mitano, tarehe ya damu imebaki mwezi, kitongoji tumekitoa, GPS tumeitoa tukaweka umbali wa kufika zahanati na umbali wa kufika majini, vyote vimekadiriwa kwa nusu kilomita. Kazi tumeiweka makundi manne. Imebaki koloni ya kijiji. Mchambuzi anasema bila kijiji modeli yake ya takwimu haisimami, mimi nasema kuna vijiji viwili humo ambavyo ukivitaja, mwenye watoto tisa ni mmoja. Tunakaa tena Alhamisi, na nimeomba wahoji wawili waliozaliwa kule waingie kwenye kikao wakiwa na faili mbele yao, maana wao ndo watakaoniambia kama kuna mtu wanamwona.