Kuchapa kwa oda hakumtafuti msomaji

"Dada, nipandishie kitabu Amazon, wao watachapa na wao watakiuza." Maneno haya nayasikia hapa Ngamiani, Tanga, ninapopanga kurasa za vitabu, karibu kila anapoingia mtunzi mpya. Safari hii yameniuma, kwa sababu aliyeyasema ni mwalimu mstaafu mwenye muswada mzuri kweli, kazi ya miaka, na alikuwa tayari kutoa sehemu ya kiinua mgongo chake kwa imani hiyo. Nilimjibu kwa kifupi ana kwa ana. Hapa namjibu kwa kirefu, yeye na wenzake.

Kuchapa kwa oda kunaondoa tatizo moja: mzigo kulala. Nakala haichapwi mpaka awepo anayeitaka. Basi. Hakuna mahali katika mpango huo palipoandikwa kwamba mwenye mashine atakutafutia huyo anayeitaka. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, na ni yako.

Tuanze na huko Amazon, duka la mtandaoni la Marekani, maana sikatai kitabu kuwekwa huko na nimewawekea wengi. Amazon haina duka la Tanzania. Mtu wa Chumbageni akiagiza, nakala inachapwa ng'ambo na kusafirishwa kwa gharama yake, na nauli inaweza kuzidi bei ya kitabu chenyewe. Sasa tazama upande wa mtunzi. Kitabu cha kurasa 200, wino mweusi, kikichapwa Marekani kinagharimu takribani dola 3.40. Tangu Juni 2025, mrabaha, yaani fungu la mtunzi, wa kitabu kilicho chini ya dola 9.99 ni asilimia 50 ya bei. Kuanzia hapo kwenda juu ni asilimia 60. Gharama ya kuchapa inakatwa baadaye, kwenye fungu lako. Ukiweka dola 8 kwa kuwahurumia wasomaji, unabaki na senti 60. Ukiweka dola 10, unabaki na dola 2.60. Kisha kwa mauzo ya Marekani kuna kodi ya zuio ya asilimia 30, kwa kuwa hatuna mkataba wa kodi na Marekani wa kuipunguza, na zile senti 60 zinakuwa 42. Anayekununua huko ni Mswahili wa ughaibuni, au mwanafunzi anayesoma Kiswahili chuo cha nje. Ni watu wazuri na wanastahili kukipata kitabu. Lakini kama hawajui kwamba upo, hawatakupata kwa kupapasa katikati ya mamilioni ya vitabu.

ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, nitaipitia haraka: iombe mwenyewe Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ile ya bure unayopewa na Amazon huwezi kwenda nayo kwa mchapaji mwingine, na wewe utahitaji mchapaji mwingine, hapa hapa nchini.

Na hapa ndipo penye ubishi unaonichosha kuliko wote: "Oda ni ghali, ofseti ni rahisi." Wanalinganisha bei ya nakala moja na nakala moja, wanafunga mjadala. Tupige hesabu. Tarakimu ni za mfano tu, weka za mchapaji wako. Tuseme ofseti, uchapaji wa nakala nyingi kwa mkupuo, inataka shilingi 900,000 za pleti (mabamba ya kuchapia) na maandalizi kabla karatasi haijaguswa, kisha 2,500 kwa kila nakala. Mashine ya dijitali, ndiyo ya kuchapia oda, haina pleti. Inatoza 7,500 kwa nakala, iwe moja au hamsini. Tofauti ni 5,000 kwa nakala, kwa hiyo ukichapa 180 gharama zinalingana, na kuanzia 181 ofseti inakuwa rahisi. Mtunzi akishaiona hiyo 180 anafurahi: "Mimi nachapa 1,000, kwa hiyo ofseti."

Hapana, ndugu yangu. Hiyo 180 ni hesabu ya nakala zilizochapwa, na nakala iliyochapwa haijakulipa kitu. Nakala 1,000 za ofseti ni shilingi 3,400,000 ambazo umeshazitoa mfukoni. Ukiuza kwa 15,000 kila moja, unarudisha mtaji unapofika nakala ya 227. Lakini swali letu si lini utarudisha mtaji. Swali ni lini ungekuwa umefanya vizuri zaidi kuliko yule aliyechapa kwa oda, ambaye kila nakala inamwachia 7,500 tangu ya kwanza. Piga hesabu mpaka mwisho: ni nakala ya 454. Ukiuza 150 ukakwama, mwenzako wa oda ana faida ya 1,125,000 na wewe una hasara ya 1,150,000, pamoja na nakala 850 chumbani. Kila iliyouzwa imekugharimu zaidi ya 22,600. Nani sasa amechapa kwa bei ghali?

Kwa hiyo ninapokuuliza "una wasomaji wangapi wa uhakika?" sikudharau. Nauliza kama unazifikia hizo 454. Ukiwa nazo, na ziko shule kadhaa zimeshakuahidi kwa maandishi, nenda ofseti na mimi mwenyewe nitakupangia kurasa kwa ajili yake. Ukiwa na 40, chapa 40.

Nakala hizo chumbani hapa Tanga zina adui mwingine, unyevu wa bahari. Kava likipigwa leminesheni, ule utando wa plastiki, upande wa nje tu, upande wa ndani unaendelea kunywa unyevu na kutanuka, wa nje umebanwa, na jalada linajikunja kwenda nje. Msomaji anakuta kitabu kipya kinajifungua chenyewe mezani. Ukipokea nakala ya mfano, usiitazame picha ya kava kwanza. Kifungue katikati, kilaze, vuta ukurasa mmoja taratibu: gundi mbaya itakwambia hapo hapo. Angalia kama maneno ya upande wa ndani yanazama kwenye mkunjo. Kisha chukua karatasi ya ndani, ipinde kufuata mgongo, halafu ipinde kukata mgongo. Inapopindika kwa ulaini ndiko nyuzi zake zinakoelekea, na nyuzi zinatakiwa kwenda sambamba na mgongo. Zikipishana nao, kitabu hakitalala wazi, na kwa hewa yetu hii kitafanya mawimbi pembeni. Mchapaji akikujibu kwamba hakuna anayeangalia mambo hayo, tafuta mchapaji mwingine.

Jambo lingine la mgongo: unene wake unategemea karatasi. Karatasi ya krimu ya Amazon inahesabiwa inchi 0.0025 kwa ukurasa, kwa hiyo kurasa 200 ni milimita 12.7. Karatasi ya gramu 80 utakayopewa Dar es Salaam haitakuwa na unene uleule. Kava moja haliendi kwa wachapaji wawili. Nalisema hili kila mara na kila mara naletewa kava moja.

Sasa wasomaji. Mtunzi mmoja wa Makorora, mama anayeshona nguo, hakuanza na kitabu. Alianza kwa kutuma riwaya yake kwa mwendelezo kwenye kundi la WhatsApp la wateja wake wa mitindo, sura moja kila Alhamisi usiku. Sura za mwanzo bure, zilizofuata kwa malipo madogo ya simu. Kitu kilichonivutia kilikuwa daftari lake: jina, namba, mtaa, ameishia sura ya ngapi, amelipa lini. Alipokuja kwangu hakuniambia "watu wengi wananipenda". Alifungua daftari. Tulitangaza oda, watu wakalipa kwanza, tukachapa idadi ile ile na chache za ziada kwa maktaba na kwa wanaochelewa. Za Korogwe na Lushoto zilienda kwa basi kutoka stendi ya Kange, jina na namba ya mpokeaji vimeandikwa pande mbili za kifurushi. Za mjini alipeleka mwenyewe, na akaongea na kila aliyempokea.

Ninawaomba watunzi waige hilo daftari kabla ya kuiga lolote lingine. Watu 3,000 wanaokufuata Facebook ni wa Facebook. Ukurasa ukifungiwa kesho, wameondoka nao. Namba za simu zilizo kwenye karatasi yako, ulizopewa kwa hiari, ni zako. Usiwachoshe, usiwatumie kila kitu, wala usiwagawie wengine.

Nina mashaka yangu, na sitayaficha. Bado sijaamua kama sura za bure zinaamsha hamu au zinashibisha. Nimeona watu wakiisoma riwaya nzima kwa simu kisha wakanunua kitabu ili wakiweke nyumbani, na nimeona kundi zima lililofuata hadithi mpaka mwisho likanyamaza siku ya oda. Wanaosikiliza sura zikisomwa kwa sauti ni wengi kuliko wanaosoma, lakini sina hakika kwamba masikio hayo yatafika kwenye karatasi, na pengine tunapaswa kuwauzia sauti badala ya kuwasukumia kitabu. Mashairi ndiyo yananisumbua zaidi. Watu wa Tanga wanayapenda, wanayaghani harusini, wanayatumiana usiku kucha, halafu diwani inakaa bila kununuliwa. Nimeshauri bei ndogo, nimeshauri vijitabu vyembamba, na siwezi kusema nimepata jibu.

Maduka ya vitabu nayaweka nyuma kwa makusudi. Yanataka punguzo kubwa na mara nyingi yanachukua kwa mali kauli, unalipwa kikishauzwa. Kwa nakala ya oda ya 7,500 ukiuza 15,000, toa punguzo la asilimia 40 na unabaki na 1,500. Peleka mbili tatu ili kitabu kionekane, usitegemee kula hapo.

Kuna faida moja ya oda ambayo hakuna anayeniuliza, nami naithamini kuliko zote. Riwaya ya yule mama ilikuwa na mahali ngalawa inatoka kwa maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kwa nguvu, huku mwezi ni nusu. Msomaji wake mmoja, mvuvi wa Pangani, alimpigia simu siku ya pili baada ya kupokea kifurushi: "Mama, bamvua ni mwezi mchanga na mwezi mpevu. Nusu mwezi maji hayana nguvu hiyo." Angekuwa amechapa 1,000, kosa lingekaa kwenye nakala zote 1,000. Alikuwa amechapa zile za oda tu. Alisogeza safari ile wiki moja mbele, akapitia tena sura mbili zilizofuata ili siku zikubaliane, nami nikatengeneza PDF upya jioni ile ile. Yule mvuvi naye ameshaagiza nakala nyingine mbili, za marekebisho, kwa ajili ya wenzake wa pwani.