Sumu ya muhogo haimalizwi na moto

Sokoni Mbuyuni hapa Moshi, kama ilivyo Kilombero kule Arusha, mtu akinunua makopa au unga wa muhogo na ukamgusia habari ya sumu, mara nyingi atakujibu kwamba moto unamaliza kila kitu. Kati ya dhana zote kuhusu muhogo, hii ndiyo ningependa itoke kwanza.

Muhogo uliotoka shambani hauna sumu iliyo tayari. Una linamarini, kemikali inayobeba sumu ikiwa imefungwa, ndani ya seli zake, na kwenye kuta za seli kuna kimeng'enya, yaani protini ya kuivunja kemikali hiyo, kiitwacho linamarasi. Viwili hivyo havikutani mpaka muhogo utwangwe, ukunwe au ulowekwe hadi ulainike. Vikikutana, linamarini inavunjika na kutoa sianidi, ndiyo sumu yenyewe, ambayo huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, kwa hiyo inaruka yenyewe hewani. Sasa tumbukiza mapande ya muhogo mchungu kwenye maji yanayotokota. Kimeng'enya kinaharibika mapema, linamarini nyingi inabaki. Mtu anaila, kisha bakteria wa utumboni wanaivunja humo humo tumboni mwake. Ndiyo maana kisamvu kinapaswa kutwangwa vizuri kabla ya kuinjikwa, wala si kukatwakatwa tu.

Wengine hutegemea ulimi: mtamu salama, mchungu sumu. Ni kweli aina tamu zina linamarini kidogo, na muhogo wa kukaanga wa stendi, wenye kachumbari na pilipili, sina ugomvi nao; umenywe vizuri tu, maana ganda lina sumu kuliko nyama. Lakini ukame huongeza sumu hata kwenye aina ile ile uliyoizoea. Kiwango cha kimataifa ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo ya unga, na ulimi hauwezi kukwambia kwamba unga umekivuka. Howard Bradbury, mkemia wa Australian National University, alitengeneza na wenzake kipimo chepesi cha karatasi iliyotiwa kemikali iitwayo pikreti: ni ya njano, na kadiri sianidi inavyozidi ndivyo inavyoelekea kahawia. Na wanaopanda muhogo mchungu wasidharauliwe. Wanyama waharibifu na wezi huuogopa, na hilo ni jambo kubwa kwa mwenye shamba mbali na nyumbani.

Halafu kuna jua. "Nimeanika siku tatu, sumu imekwisha." Pande nene linakauka kabla seli zake hazijavunjika, na bila maji kimeng'enya hakifanyi kazi. Unga wake unabaki na linamarini. Jibu alilolitoa Bradbury mwaka 2006 linanifurahisha kwa sababu halihitaji kununua chochote. Weka unga mkavu kwenye bakuli, chora alama ndani ya bakuli pale unga ulipofikia. Mimina maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda; ukirudi kwenye alama, acha. Utandaze kwenye mkeka au ungo, unene usizidi sentimita moja, saa mbili juani au tano kivulini. Songa ugali siku hiyo hiyo.

Dhana inayoumiza zaidi ni ya uchawi. Mtoto au mama kijana anaamka miguu yote miwili imekakamaa, bila homa, na majirani wanaanza kutafuta aliyemroga. Wengine husema polio. Ugonjwa huo unaitwa konzo, nao huja baada ya majuma ya kula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, hasa panapokosekana maharage, dagaa au maziwa, kwa sababu mwili unahitaji salfa ya protini ili kuiondoa sianidi. Tarime ilikumbwa nao mwaka 1985, wakati wa ukame. Njaa ikibana, watu hufupisha siku za kuandaa muhogo, na hapo ndipo ugonjwa unapoingia. Kupooza huko hakuponi. Ila kunazuilika: katika kijiji cha Kay Kalenda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kina mama walifundishwa kulowesha unga kwa namna ile ile ya alama kwenye bakuli, na wagonjwa wapya wa konzo hawakutokea.