Mfuko ulioachwa mlangoni usiku si mchango: ufafanuzi kuhusu maduka ya hisani nchini Uingereza

Kila mwaka baada ya Krismasi, watu wanapopunguza nguo kabatini, malalamiko kuhusu maduka ya hisani (charity shops, yanayouza vitu vilivyochangwa ili mashirika ya hisani yapate fedha) huongezeka, na miongoni mwa wanaolalamika wamo Waswahili wengi wanaoishi hapa Uingereza. Yanayolalamikiwa ni yale yale: bei zimepanda, mchango umekataliwa, mfuko umekutwa umepasuliwa na nguo zimetapakaa barabarani, fomu ya Gift Aid (mpango unaoliruhusu shirika kudai serikalini kodi uliyolipa juu ya mchango wako) haieleweki. Tunaoshughulika na maduka haya tumeona ni vyema kuyajibu kwa pamoja. Maelezo ya kisheria yaliyomo humu yanaihusu zaidi England. Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zake, na anayeishi huko aulize halmashauri yake kabla ya kutegemea tunayoyasema hapa.

Tuanze na mfuko wa mlangoni, kwa sababu ndio unaoleta hasara kubwa na ndio tunaouzungumzia kila mwaka bila mafanikio makubwa.

Mchango huwa mchango pale duka linapoupokea. Kabla ya hapo mfuko ni mali yako wewe uliyeuweka pale. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ililiangalia jambo hili katika shauri lililotoka mji wa Basildon, la mtu aliyechukua mifuko iliyoachwa nje ya duka la British Heart Foundation, shirika la hisani la magonjwa ya moyo. Hoja yake ilikuwa kwamba vitu vile vilikwisha kutelekezwa, havina mwenyewe. Mahakama haikukubali: mtoaji alikusudia vilifikie shirika, na mpaka shirika livichukue vinabaki vyake. Kwa hiyo anayepekua mfuko nje ya duka saa tano usiku na kuondoka na koti anaweza kushtakiwa chini ya Sheria ya Wizi ya 1968, ambayo adhabu yake ya juu ni kifungo cha miaka 7.

Wengi hufurahi kusikia hivyo na kusahau upande wao. Kama mfuko bado ni wako, basi umeuacha wewe njiani, na halmashauri inaweza kuuhesabu kuwa taka iliyotupwa kinyume cha sheria. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Mazingira ya 1990, halmashauri za England zinaweza kukutoza faini ya papo kwa hapo, ambayo tangu 2023 inaweza kufika pauni 1,000. Ukifikishwa mahakamani, faini haina ukomo na kifungo kinaweza kufika miaka 5. Ni kweli kwamba aliyeacha mfuko mmoja wa nguo za mtoto kwa nia njema hafungwi miaka 5. Lakini nia njema haizuii mvua. Mfuko ukilowa usiku mmoja, nguo zote huanza kunuka ukungu, na hata mnunuzi wa matambara, anayenunua kwa kilo nguo zisizouzika, huukataa. Hapo duka linalipia kuutupa, kwa fedha ambazo zingekwenda kwenye kazi ya shirika.

Kwa hiyo njoo saa za kazi, ingia ndani, mkabidhi mtu mkononi. Ukikuta tangazo kwamba stoo imejaa, rudi siku nyingine au nenda duka la pili. Hakuna aliyekasirika nawe. Ukiwa na mzigo mkubwa, piga simu kwanza. Nguo ziwe zimefuliwa na kukauka kabisa, viatu vifungwe pea kwa pea kwa kamba zake, mifuko ya suruali na makoti ikaguliwe, na kila mfuko uwe na uzito ambao mama wa miaka 70 anaweza kuunyanyua, maana mara nyingi ndiye anayejitolea chumba cha nyuma. Nguo zilizochanika zisichanganywe na nzima. Zitie kwenye mfuko wake na useme kuwa ni matambara. Maduka mengi huyapokea, ila uliza kwanza.

Kuhusu vinavyokataliwa, tunaombwa sana tuache ukali. Si ukali. Sofa au kiti cha kitambaa lazima kikidhi kanuni za usalama dhidi ya moto za mwaka 1988, na uthibitisho tunaoutegemea ni lebo yake ya kudumu. Lebo hiyo ndiyo watu huikata kwa mkasi siku ya kwanza kwa kuwa inaning'inia vibaya. Ikikatwa, hata sofa iliyonunuliwa mwezi uliopita hatuipokei, kwa sababu muuzaji anayeuza isiyokidhi kanuni anaweza kupigwa faini au kufungwa hadi miezi 6. Samani zilizotengenezwa kabla ya 1950 hazihusiki na kanuni hizo, lakini kazi ya kuthibitisha umri wake si nyepesi. Tena tangu Januari 2023 sofa na viti vilivyochakaa vyenye kemikali sugu za kuzuia moto haviruhusiwi kufukiwa jalalani, ni lazima vichomwe kwenye tanuri maalumu. Sofa moja mbovu iliyopokelewa kwa kuoneana haya inaweza kumeza faida ya siku nzima.

Vifaa vya umeme hupimwa na mtu aliyefundishwa kazi hiyo, na maduka yasiyo na mpimaji hayavipokei kabisa. Kinachoangusha vifaa vingi ni plagi: waya uliochubuka, plagi ya pini mbili iliyotoka Ulaya bara, au fyuzi isiyolingana. Taa ya mezani inahitaji fyuzi ya ampea 3. Kwa kawaida ya ampea 13 ni ya vifaa vinavyozidi wati 700 hivi, kama birika na pasi. Mtu akitia ya 13 kwenye taa kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo, waya unaweza kuungua kabla fyuzi haijakatika.

Viti vya watoto vya gari na kofia za pikipiki au baiskeli havipokelewi hata vikiwa vinang'aa, kwa sababu hakuna awezaye kujua kama viliwahi kupata ajali, na ufa wa ndani hauonekani. Visu haviuzwi kwa walio chini ya miaka 18, na maduka mengi yameamua kutovipokea kabisa. Kuuza pembe za ndovu kumo chini ya Sheria ya Pembe za Ndovu ya 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, na kosa lake ni faini isiyo na ukomo au kifungo hadi miaka 5. Hili linawagusa hasa wanaosafisha nyumba za wazee walioishi Kenya, Tanganyika au Zanzibar zamani za ukoloni: bangili, vishikio vya visu, vinyago vidogo. Misamaha ipo, lakini ina usajili na masharti. Usivifiche katikati ya mashuka ukidhani tutamaliza sisi.

Sasa bei. Sentensi tunayoisikia zaidi ni hii: "Mmepewa bure, mbona mnauza ghali?" Mali iliyochangwa ni amana. Shirika lina wajibu wa kisheria kuitumia kwa manufaa ya lengo lake, na lengo hilo si kuwauzia wapita njia kwa bei ya chini. Lengo ni utafiti wa moyo, watoto, wagonjwa, au chochote kilichoandikwa kwenye katiba yake. Shirika la misaada la Oxfam lilipofungua duka lake la Broad Street, Oxford, mwaka 1947, shabaha ilikuwa kugeuza vitu kuwa fedha, na utaratibu haujabadilika tangu hapo. Pango hulipwa, umeme hulipwa, meneja hulipwa mshahara. Nafuu zipo: bidhaa zilizochangwa huuzwa kwa VAT ya asilimia 0, na kodi ya jengo la biashara hupunguzwa kwa asilimia 80, halmashauri ikipenda inaongeza 20 zilizobaki. Nafuu hiyo ya jengo ina sharti kwamba duka liuze zaidi vitu vilivyochangwa, ndiyo maana kadi mpya na soksi mpya hukaa kwenye rafu ndogo tu.

Nguo ikishachambuliwa na kupigwa pasi ya mvuke hupewa lebo yenye bei, saizi na namba ya wiki iliyotundikwa. Wanaojitolea hufuata jedwali la bei la shirika, na chapa zenye jina huangaliwa mtandaoni. Bei inayofaa kuangaliwa huko ni ile ambayo kitu kiliuzwa kweli. Aliyetangaza koti kwa pauni 200 anaweza kulitangaza mpaka uzee. Baada ya wiki mbili au tatu, kutegemea duka, nguo isiyouzwa hushushwa bei, hupelekwa tawi lingine au huondolewa dukani. Mnunuzi makini husoma namba ya wiki na kujua ipi inakaribia kuondolewa.

Makosa yapo. Fulana ya duka la bei rahisi iliyouzwa pauni 3 ikiwa mpya haipaswi kuwekewa lebo ya pauni 4 ikiwa imevaliwa. Hutokea kwa sababu anayepanga bei hajui bei mpya za kila duka mjini. Mwambie meneja kwa upole, bei itarekebishwa. Kupatana bei kama tuko Kariakoo au Gikomba ni jambo jingine. Anayekaa kwenye kaunta hana mamlaka ya kupunguza, na kumsimulia shida zako kunamweka pabaya bure. Kwa sababu hiyo hiyo, wafanyakazi na wanaojitolea hawaruhusiwi kujiwekea bei ya kitu wanachotaka kukinunua wenyewe. Hupangwa na mtu mwingine, na katika maduka mengi kitu lazima kwanza kitoke dukani kionekane na wateja.

Gift Aid inahitaji maelezo marefu, na tunaomba uvumilivu. Nafuu hii ni ya fedha, haihusu vitu. Hakuna anayeweza kudai kodi juu ya shati. Kwa hiyo unapojaza fomu unaliteua shirika liwe wakala wako wa kuliuza shati hilo. Unapewa namba, na stika yenye namba hiyo hubandikwa kwenye kila mfuko. Ukileta mifuko mitano, stika tano. Kitu kikiuzwa, mauzo huandikwa chini ya namba yako. Kisha unapata barua au baruapepe inayokueleza kimepatikana kiasi gani, na kwamba una haki ya kuzichukua fedha hizo. Usipojibu ndani ya siku 21, zinahesabika kuwa mchango wako, na shirika linadai kwa HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, peni 25 kwa kila pauni. Unaweza pia kukubali mapema usiandikiwe hadi mauzo yapite kiwango fulani kwa mwaka wa kodi: pauni 100 kama duka linaendeshwa na shirika lenyewe, hadi pauni 1,000 kama linaendeshwa na kampuni yake ya biashara.

Barua hiyo si ya kitapeli, na haikudai chochote. Tunasema hivi kwa sababu wengi huitupa, kisha hupiga simu wakiwa na hasira.

Linalotutia wasiwasi ni saini zisizostahili kwenye fomu ya Gift Aid. Lazima uwe umelipa kodi ya mapato au ya faida ya mtaji, kati ya 6 Aprili na 5 Aprili ya mwaka unaofuata, isiyopungua kiasi ambacho mashirika yote uliyoyachangia yatadai. Vitu vyako vikiuzwa pauni 80, shirika litadai pauni 20. Uwe umelipa angalau pauni 20 za kodi. Kodi ya halmashauri haihesabiwi, VAT haihesabiwi, wala Bima ya Taifa. Mwanafunzi au mtu ambaye mapato yake hayafiki pauni 12,570 kwa kawaida halipi kodi ya mapato, basi asisaini hata akibembelezwa kwenye kaunta, kwa sababu pengo HMRC italidai kwake. Na vitu viwe vyako. Mfuko wa jirani hauingii kwenye namba yako.

Visivyouzika huuzwa kwa kilo, kwa peni, kwa wafanyabiashara wa matambara. Hao huchambua kwa gredi na kufunga mabelo, mengi ya kilo 45, na sehemu yake hushuka Mombasa na Dar es Salaam. Wanaosema "mnatupa nguo zetu kwa mitumba" wanasema kana kwamba ni siri. Ni mapato halali, na bei yake hutegemea masoko. Rwanda ilipopandisha ushuru mwaka 2016 kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, soko hilo lilibanwa. Anayenunua madukani kwetu ili ajaze pipa la kwenda nyumbani hana kosa, hata kama atauza. Akiuza hapa hapa Uingereza, mauzo yakizidi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi awataarifu HMRC. Nguo za ndani zilizotumika asipeleke Tanzania kuuza, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) linazipiga marufuku.

Kwa mnunuzi, Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015 inakulinda dukani kwetu kama kwingine. Kasoro iliyojificha inakupa siku 30 za kurudisha na kudai fedha, na bango la "kiuzwavyo ndivyo kilivyo" haliondoi haki hiyo. Kasoro iliyoonekana au uliyoambiwa kabla ya kulipa haimo, na kubadili mawazo tu hakukupi haki dukani, ila ukinunua mtandaoni una siku 14. Kagua zipu hadi mwisho, kwapa, mapajani. Viatu vya michezo vipinde soli kwa mikono: soli ya poliurethani iliyokaa kabatini miaka mingi humeguka kama biskuti hata kama haijawahi kukanyaga chini.

Ukigundua kwamba umetoa kitu kwa bahati mbaya, pete iliyokuwa mfukoni au koti lisilo lako, piga simu siku hiyo hiyo. Taja rangi ya mfuko, saa uliyoleta, na namba ya Gift Aid kama unayo. Kabla hakijauzwa tunaweza kukitafuta. Kikishauzwa, au gari la matambara likishapita, hakirudi, na duka haliwezi kukupa jina la aliyekinunua.